Walichokifuata Katanga

Hotuba iliyotolewa mjini Kigoma mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, katika kumbukumbu ya tarehe 17 Januari

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huku mbele: wazee shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimekuja na kitu kimoja mkononi, nami nitaomba kipitishwe safu kwa safu ili kila mmoja akishike. Ni kipande cha shaba kilichotengenezwa kwa umbo la msalaba, kizito kuliko kinavyoonekana, kimekwaruzika pembeni na rangi yake imekuwa kama ya ini. Nilipewa na jirani yetu mmoja, sasa marehemu, aliyevuka ziwa hili kutoka Kalemie mwaka 1964 akiwa na watoto wawili na furushi moja la nguo. Kabla Wazungu hawajafika Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo, vipande vya namna hii vilikuwa fedha; watu walinunulia bidhaa na kulipia mahari. Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo hilo, alipotangaza mwaka 1960 kwamba Katanga imekuwa nchi, misalaba mitatu ya shaba ilichorwa kwenye bendera yake. Mobutu, mtawala wa Kongo, naye alipobadili majina mwaka 1971, jimbo lile liliitwa Shaba, kwa neno letu la Kiswahili, na likabaki na jina hilo hadi mwaka 1997. Mtu akiuliza wageni wenye bunduki walifuata nini pale, jibu la kwanza liko kwenye bendera na kwenye jina la jimbo. Jibu la kwanza, hata hivyo, halitoshi, na ndiyo sababu nimekubali mwaliko wenu.

Mliniomba nieleze ni nini hasa huyasukuma mataifa ya nje kupeleka majeshi katika nchi za watu, na ni nini huyasukuma kuamua kwamba mtu fulani, anayejulikana kwa jina, ni lazima afe. Nimechagua kukaa mahali pamoja, ng'ambo ya ziwa letu, kwa sababu pale jambo hilo lilitokea mara mbili katika muda wa miaka 70, juu ya ardhi ile ile, na nyaraka nyingi za mara ile ya pili zimekwisha kufunguliwa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, aliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Mfalme Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Nitaanza na Msiri, maana wengi wenu mnalijua jina la Lumumba, na wachache mno mnalijua la huyu mwingine, ingawa yeye ni mtu wa kwetu.

Baba yake Msiri alikuwa mfanyabiashara wa Kinyamwezi aliyefuata shaba hadi Katanga. Kijana akabaki huko, akajipatia bunduki, akajenga utawala wa Garanganze wenye makao yake Bunkeya, na kutoka kwake shaba, pembe za ndovu na watumwa vilikwenda pande zote mbili, huku pwani yetu ya mashariki na kule pwani ya Angola. Hakuwa mtu mwema. Aliuza watu, adhabu zake zilitisha, na mwalimu anayeficha habari hiyo anawadhulumu wanafunzi wake. Nawaomba tu muilinganishe habari hiyo na yaliyofuata.

Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya na mkataba mkononi kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza wa kusini mwa Afrika, naye Msiri akaukataa. Mwaka uliofuata Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alituma misafara kabla Rhodes hajarudi. Mmojawapo uliongozwa na William Stairs, mzaliwa wa Kanada, ukaondoka pwani yetu na watu zaidi ya 300, wengi wao wa Zanzibar na Mrima. Gharama zilibebwa na kampuni iliyoundwa mwaka ule ule wa 1891, Compagnie du Katanga, ambayo nayo iliahidiwa theluthi moja ya ardhi ya serikali katika nchi ambayo mwenyewe alikuwa bado hai na hakuwa ameambiwa. Stairs alipandisha bendera ya dola ya Leopold ya Kongo bila idhini. Siku iliyofuata alimtuma Kapteni Omer Bodson kwenda kumkamata mfalme; maneno yakawa makali, Bodson akampiga Msiri risasi, na yeye Bodson akapigwa risasi papo hapo na mtu wa Msiri. Kichwa cha mfalme kilikatwa, kikatundikwa juu ya mti ili watu wakione.

Sababu iliyotangazwa Ulaya ilikuwa ukatili wake na biashara ya utumwa. Sasa kumbukeni kwamba miaka minne tu kabla ya hapo, mwaka 1887, Leopold huyo huyo alimteua Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el Murjebi, kuwa wali wake kule Stanley Falls, akamlipa mshahara, na hapakuwa na mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa mkubwa kuliko Tippu Tip katika nchi zile zote. Tippu Tip alikubali bendera, akapewa cheo. Msiri aliikataa, akapigwa risasi. Kama utumwa ndio ulikuwa sababu, wote wawili wangehukumiwa sawa. Kwa hiyo mkitafuta nia ya mtu mwenye nguvu, msisome tu mashtaka anayomshtaki adui yake. Tafuteni rafiki yake mwenye kosa lile lile, mwone amemfanya nini.

Na waliobeba bunduki Bunkeya walikuwa ndugu zetu. Hawakuwa na haja yoyote na ardhi ya Katanga. Walitaka posho na mshahara wa kurudi nao nyumbani. Nia ya mkubwa ilipanda juu ya haja ya mdogo, ikafika safari. Naomba jambo hili mlikumbuke, kwa kuwa litarudi tena.

Ile theluthi ya ardhi haikupotea. Mwaka 1900 haki za kampuni na za dola ya Leopold ziliunganishwa katika chombo kimoja kilichoitwa Comité Spécial du Katanga, na mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ambayo chombo hicho kilikuwa na hisa kubwa ndani yake. Union Minière ikachimba shaba, ikachimba kobalti, na katika mgodi wa Shinkolobwe ikachimba urani iliyotumika kutengeneza bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945. Hisa za chombo kile zilikuwa zirithiwe na serikali ya Kongo huru, na pamoja nazo sauti nzito ndani ya kampuni. Basi mwezi Juni 1960, siku chache kabla ya uhuru, Ubelgiji ilikivunja chombo hicho. Bunge la Ubelgiji likapitisha pia sheria ya kuziruhusu kampuni za Kongo kuhamishia makao yao ya kisheria Brussels. Hakuna mwanajeshi aliyekuwa ameasi, wala hakuna Mzungu aliyekuwa ameguswa. Wanafunzi wangu, nimefundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado kila ninapofika kwenye mwezi huo wa Juni 1960 nasikia uchungu, maana naona watu wanafunga milango ya ghala kabla mwenye shamba hajakabidhiwa funguo.

Tarehe 30 Juni uhuru ukaja. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisimama Leopoldville, Kinshasa ya leo, akamsifu Leopold II kwa kazi yake; Lumumba naye akasimama, bila kuwamo kwenye ratiba, akazitaja kazi za kulazimishwa, matusi na mapigo. Siku tano baadaye askari wa Force Publique, jeshi lililoachwa na ukoloni, waliasi, baada ya jenerali wao Mbelgiji, Émile Janssens, kuwaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Katika maasi hayo Wazungu walipigwa, baadhi waliuawa, wanawake walibakwa. Hili nalisema bila kulipunguza. Hofu ya wale watu waliokimbilia kwenye vivuko ilikuwa hofu ya kweli, na kisingizio chenye nguvu siku zote hutengenezwa kwa kitu cha kweli.

Tarehe 10 Julai majeshi ya Ubelgiji yaliingia mitaani bila idhini ya serikali ya Kongo, kwa hoja ya kuokoa raia wao. Mahali pengine walifanya hivyo kweli. Lakini tarehe 11 Julai meli zao za kivita ziliupiga mabomu mji wa bandari wa Matadi, Wakongo wakafa, wakati Wazungu wa mji ule walikuwa wamekwisha kuondolewa. Ni nani aliyekuwa anaokolewa? Matadi ndiyo mlango wa Kongo kwenye bahari. Na Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, askari wa Ubelgiji waliwanyang'anya silaha askari wa Kongo, na tarehe 11 hiyo hiyo Tshombe akatangaza kujitenga. Jeshi lililokuja kulinda watu likabaki kulinda mpaka mpya. Union Minière ikaacha kulipa kodi zake Leopoldville, ikazilipa kwa Tshombe, na kwa kodi hizo zikalipwa gharama za gendarmerie, jeshi la Katanga, yenye maofisa wa Kibelgiji na baadaye mamluki. Kwa hiyo mtu akiniuliza juu ya nia ya operesheni ya kijeshi, mimi humwambia aangalie askari wanabaki wapi baada ya wale waliokuja kuokolewa kupanda meli.

Hapa wengi wa vijana wetu husimama, wakasema: basi ni mali, mjadala umefungwa. Mimi siufungi. Lumumba hakuwa ametangaza kutaifisha migodi. Mwezi huo huo wa Julai alikuwa Marekani akitafuta mitaji, na alitia saini mkataba wa miaka 50 na mfanyabiashara wa Kimarekani, mkataba mbaya ambao washauri wake wangemzuia. Marekani yenyewe kufikia mwaka 1960 haikuwa tena na njaa ya urani ya Shinkolobwe. Kilichowasukuma Wamarekani kilikuwa hofu. Lumumba aliomba msaada wa usafiri Washington, hakupata; Umoja wa Mataifa ulileta askari, lakini ukakataa kuingia Katanga kwa nguvu; akageukia Moscow, na mwezi Agosti ndege za Kirusi zikaanza kuwasili. Kwa wakubwa wa Washington hilo lilitosha. Tarehe 26 Agosti Allen Dulles, mkuu wa Shirika la Ujasusi la Marekani, alimpelekea mtu wake wa Leopoldville simu ya maandishi kwamba kuondolewa kwa Lumumba ni lazima kuwe lengo la haraka na la kwanza. Mwezi Septemba mkemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, alifika Leopoldville na sumu ya kumwulia. Sumu haikutumika. Haya hayakutoka kwa maadui wa Marekani. Yalitoka mwaka 1975 katika uchunguzi wa Seneti yao wenyewe.

Wabelgiji walikuwa na mali, lakini walikuwa pia na heshima iliyojeruhiwa, na sidhani kwamba ile hotuba ya tarehe 30 Juni iliwahi kusamehewa. Tarehe 6 Oktoba waziri wao wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika kwamba lengo kuu, kwa maslahi ya Kongo, ya Katanga na ya Ubelgiji, ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Wapo wanaosema alimaanisha kumwondoa katika siasa tu. Sawa. Siku ile, hata hivyo, Lumumba alikuwa amekwisha kufukuzwa uwaziri mkuu na Rais Kasavubu, Mobutu, mkuu wa jeshi, alikuwa amekwisha kutwaa madaraka, na siasa za Lumumba zilikuwa zimefungiwa ndani ya nyumba iliyozungukwa na askari. Angalieni pia mpangilio wa yale maslahi: Kongo inatajwa mwanzo, Ubelgiji mwisho. Na angalieni maneno. Katika karatasi hizi zote za Washington na Brussels neno kuua linaepukwa kwa uangalifu. Watu wanaondolewa, wanazuiwa, wanamalizwa kisiasa. Mwaka 1976 Rais Ford alipiga marufuku mauaji ya kisiasa kwa watumishi wa serikali yake, na tangu hapo wanasheria wamekuwa wakitafuta majina mengine ya tendo lile lile.

Swali linalonisumbua zaidi ni hili: kwa nini Januari? Mtu alikuwa mfungwa. Alitoroka tarehe 27 Novemba, akakamatwa mapema Desemba kwenye mto Sankuru, baada ya yeye kuvuka, huku mke wake Pauline pamoja na mtoto wamebaki ng'ambo ya pili. Akafungwa kambini Thysville. Jibu linaonekana ukisoma wiki zile. Wafuasi wake chini ya Antoine Gizenga walikuwa wameshika Stanleyville, Kisangani ya leo, wakachukua Bukavu mwishoni mwa Desemba, wakaingia Manono, kaskazini mwa Katanga, mwanzoni mwa Januari. Tarehe 13 Januari askari wa kambi ya Thysville yenyewe waliasi, na ikaonekana kwamba mlango wa gereza unaweza kufunguliwa wakati wowote. Bunge likiitishwa tena, alikuwa na watu wa kutosha kurudi. Wakati huo huo, Washington ilikuwa inamngojea rais mpya, Kennedy, tarehe 20. Lumumba akiwa na cheo alipingwa kwa fitina na fedha; alipokuwa mfungwa asiye na chochote isipokuwa jina, ndipo alipoogopwa hata akauawa. Tarehe 16 Januari d'Aspremont Lynden alituma ujumbe Elisabethville kusisitiza kwamba Tshombe ampokee. Kesho yake akapelekwa.

Na aliyempokea ni nani? Hapa ndipo lile nililowaomba mlikumbuke linaporudi. Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, mtu mwenye nguvu kuliko wote baada ya Tshombe, na wapo wanaosema kumpita, alikuwa Godefroid Munongo. Munongo alikuwa mjukuu wa Msiri. Babu yake aliuawa na ofisa wa Kibelgiji kwa sababu ya ardhi ile, kichwa chake kikatundikwa. Mjukuu akasimama pamoja na maofisa wa Kibelgiji juu ya ardhi ile, kumwua mtu aliyetaka Ubelgiji iondoke. Nimejaribu miaka mingi kumwelewa. Alikuwa na nia yake mwenyewe: utawala wa ukoo wake, chuki dhidi ya wageni kutoka Kasai waliojaa kwenye migodi na ofisi za Elisabethville, hofu ya kutawaliwa na Leopoldville iliyo mbali. Hakujiona kibaraka. Kasavubu naye alikuwa na nia yake, Mobutu na yake, Kalonji wa Kasai Kusini na yake. Tukisema wageni walimwua Lumumba tukanyamaza hapo, tunawafanya watu hawa kuwa vivuli. Tukisema Waafrika walimwua wenyewe kwa wenyewe, tunazifuta simu za maandishi, ndege, hisa na kodi. Ofisa wa Brussels asingeweza kumfikisha Lumumba kwenye mti alipouawa bila mkono wa Mwafrika mwenye ugomvi wake, kama vile Stairs asingefika Bunkeya bila wapagazi wa Bagamoyo.

Ndege ilitua jioni. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walikuwa wamepigwa angani tangu Moanda, wamefungwa pamoja. Wakawekwa katika nyumba ya Mzungu mmoja nje kidogo ya uwanja, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga wakaja kuwatazama. Usiku wakapakiwa kwenye magari hadi porini, karibu na Shilatembo. Walisimamishwa mmoja mmoja mbele ya mti: Okito kwanza, kisha Mpolo, Lumumba mwisho, huku Tshombe, Munongo na maofisa wa Kibelgiji wakishuhudia. Ilikuwa karibu saa nne kasorobo usiku. Siku chache baadaye ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gérard Soete, na ndugu yake waliifukua miili, wakaikatakata na kuiyeyusha kwa asidi ya salfa, asidi inayotumika katika kazi ya migodi. Soete akang'oa meno akajiwekea. Tarehe 13 Februari Munongo aliwaambia waandishi wa habari kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji.

Kwa nini kuyeyusha mwili wa mtu aliyekwisha kufa? Kichwa cha Msiri kilitundikwa ili kionekane. Mwili wa Lumumba ulifutwa ili usionekane. Kati ya mwaka 1891 na mwaka 1961 dunia ilikuwa imebadilika kiasi kwamba wauaji walihitaji kukana. Walioamua hivyo walijua walichokifanya, na walijua kwamba kaburi lingekuwa mahali pa watu kukutania.

Tume ya bunge la Ubelgiji ilichunguza, na mwaka 2001 ikasema kwamba baadhi ya mawaziri na wahusika wengine wa Kibelgiji walibeba dhamana ya kimaadili. Ilieleza pia kwamba Mfalme Baudouin alipata habari za mipango dhidi ya uhai wa Lumumba bila kuifikishia serikali yake. Mwaka 2002 serikali ikaomba radhi. Mwaka 2011 familia ya Lumumba ilifungua mashtaka Brussels. Mwezi Juni 2025 waendesha mashtaka waliomba mzee mmoja, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana wakati ule, afikishwe mahakamani, naye alikanusha.

Jino lilipatikana mwaka 2016 katika familia ya Soete. Tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, watoto wa Lumumba walikabidhiwa kisanduku cha buluu ambacho mtu angeweza kukibeba kwa mkono mmoja. Kisanduku kikawekwa ndani ya jeneza la ukubwa wa mtu mzima, jeneza likapelekwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani alikopendwa, na Shilatembo alikouawa, kisha Kinshasa, likazikwa tarehe 30 Juni. Watu wa Lubumbashi walijipanga barabarani kulitazama likipita.

Kichwa cha Msiri hakijarudi. Inasemekana kilichukuliwa na msafara wa Stairs ndani ya debe, lakini kilipelekwa wapi, kila mtu ana habari yake, na watu wa Bunkeya bado wanauliza.